Jazba ya mbalamwezi, pupa ya siku ya mgawo: jibu kwa mvuvi wa Igombe

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mvuvi wa dagaa, nina miaka 31, nakaa Igombe, Mwanza, na mke na watoto wawili. Tatizo langu ni kufanya kwanza, kufikiri baadaye. Giza la mwezi Machi, siku zisizo na mbalamwezi tunapovua kwa taa, tulipata vizuri, tukagawana, na siku hiyohiyo nikanunua pikipiki kwa mtu niliyemkuta mwaloni. Nilimpa 850,000 mkononi, hakuna kadi, hakuna maandishi. Kumbe ni ya wizi, polisi wakaichukua. Kabla ya hapo, kipindi cha mbalamwezi, nilijibizana na tajiri wangu, mwenye mtumbwi, kuhusu hesabu ya mafuta, nikavua jaketi la kuokolea nikamtupia miguuni mbele ya watu, nikaondoka. Mgawo wangu wa mwisho hajanilipa mpaka leo. Mke wangu anasema nina pepo la pupa, twende tukaombewe. Shemeji anasema ni ugonjwa. Mama anasema ni damu ya marehemu baba. Nataka kujua, kutenda bila kufikiri maana yake nini hasa? Ni tabia, ni malezi au ni ugonjwa? Na kunatibika?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa pikipiki.

Methali zote unazijua. Haraka haraka haina baraka, hasira hasara, majuto ni mjukuu; umeambiwa tangu ukiwa mtoto na umeambiwa tena mwezi wa tatu. Kama zingekuwa dawa ungeshapona, kwa hiyo sitakurudishia. Kilichonivuta kwenye barua yako ni kalenda yake. Jaketi ulilitupa wakati wa mbalamwezi, siku ambazo taa haivuti dagaa, mtumbwi umelala na mfuko umekauka. Pikipiki uliinunua siku ya mgawo, fedha imejaa mkononi. Mtu mwenye pupa ya kila mahali angekuwa nayo Jumanne na Ijumaa, akiwa nazo na akiwa hana, nyumbani na ziwani. Wewe, kwa maelezo yako mwenyewe, una siku zako. Jibu langu karibu lote limesimama juu ya jambo hilo.

Tuanze na maana, kwa kuwa umeiuliza waziwazi. Tunaposema mtu anakurupuka, tunatia kwenye kapu moja mambo yasiyofanana. Mwaka 2001 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Stephen Whiteside na Donald Lynam, walichukua vipimo vingi vilivyokuwa vikitumika kupima tabia hii wakavichambua kwa pamoja, wakakuta ndani yake mna mambo manne. Kuna anayetenda bila kupima kitakachofuata, hata akiwa ametulia kabisa. Kuna anayepima vizuri siku zote, ila hisia ikimpanda kipimo kinazimika. Kuna asiyeweza kukaa na jambo mpaka liishe. Na kuna anayetafuta msisimko kwa makusudi, akijua hatari iko wapi na akiipenda. Miaka michache baadaye watafiti wengine wakaongeza kwamba hisia inayozima kipimo si lazima iwe hasira au huzuni. Furaha nayo inaweza. Mtu aliyefurahi sana anaweza kukurupuka vibaya kuliko aliyekasirika, tena huyu hakuna anayemshika mkono, maana kila mtu anacheka naye.

Sasa jipime hapo. Asiyemaliza jambo hawezi kukesha giza zima akivuta wavu usiku hadi usiku. Kwa hiyo la tatu silioni kwako. Kutafuta msisimko, barua yako haionyeshi. Kutopima kabisa? Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wa nyumbani kwako. Uligombana na tajiri kuhusu mafuta kwa sababu ulikuwa umehesabu lita. Unajua zimeingia ngapi na zimetumika ngapi, na namba yako haikulingana na yake. Huyo ni mtu anayepima. Lililobaki ni la pili: unapima vizuri mpaka moyo upande, na moyo wako hupanda kwa njia mbili, kwa hasira mfuko ukiwa mtupu na kwa furaha mfuko ukiwa umejaa.

Na usiiombee kasi yako yote iondoke. Upepo ukigeuka usiku katikati ya ziwa, mnaona ukingo mweusi wa mvua unakuja kutoka upande wa Ukerewe, anayeongoza mtumbwi hana nafasi ya kuitisha kikao. Anaamua: wavu ukatwe au uvutwe, turudi au tusubiri. Mtafiti aitwaye Scott Dickman aliandika mwaka 1990 kwamba kuna kuamua haraka kunakomsaidia mtu na kunakomuumiza, na kwamba vitu hivi viwili havitembei pamoja sana. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine. Ile kasi inayokusaidia ziwani si lazima iwe ndiyo iliyokununulia pikipiki.

Niseme kuhusu usingizi, maana nadhani unaudharau kama wavuvi wengi ninaowafahamu. Unaingia ziwani jioni, unakesha na taa, unatoka asubuhi, kisha kuna kushusha, kuanika, kuuza, hesabu. Siku ya mgawo, saa tano asubuhi, umekuwa macho saa ngapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha watu waliokosa usingizi na watu walewale wakiwa wamekunywa pombe. Baada ya saa 17 mpaka 19 za kuwa macho, walifanya majaribio kama mtu mwenye kiwango cha pombe kwenye damu cha asilimia 0.05, wengine vibaya zaidi. Katika nchi nyingi dereva mwenye kiwango hicho haruhusiwi kushika usukani. Hiyo ni ya usiku mmoja tu. Wewe unakuja na usiku mfululizo, halafu mtu anakuonyesha pikipiki inayong'aa na kukwambia kuna mwingine anakuja kuichukua saa nane. Yule muuzaji alijua anakuuzia wakati gani. Watu wa aina hiyo hawashindi mwaloni kipindi cha mbalamwezi.

Kuhusu mfuko mtupu nako kuna jambo la kujua. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, kusini mwa India. Wakulima hawa hulipwa baada ya mavuno, kwa hiyo miezi ya kabla ni ya kukopa na kuweka rehani, na ya baada ni ya nafuu. Watafiti waliwapa majaribio ya akili watu walewale, kabla ya mavuno na baada yake. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi, pamoja na jaribio linalopima uwezo wa kujizuia kutoa jibu la kwanza linalokuja mdomoni. Mtu ni yuleyule, elimu ileile, isipokuwa kichwa kilikuwa kimejaa madeni. Sioni tofauti kubwa kati ya mkulima huyo na mvuvi wa dagaa mwezi ukiwa umejaa, huku duka la jirani limeandika jina lake daftarini. Tajiri alikugusa kwenye hesabu siku ambazo kila shilingi ilikuwa inakuuma. Wala sisemi kwamba hukuwa na haki ya kukasirika. Inawezekana kabisa hesabu yake ilikuwa ya uongo.

Sasa twende kwa mama, kwa mke na kwa shemeji.

Mama ana ukweli wake. Tafiti za mapacha zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti kati ya watu katika jambo hili inahusiana na kurithi. Lakini hiyo ni hesabu ya tofauti kati ya watu wengi. Haina maana kwamba ndani yako wewe nusu ni baba. Kinachorithiwa ni wepesi wa kuwaka. Moto wenyewe unataka kuni, na kuni tumeshaziona ni zipi.

Kwenye malezi, nina jambo ambalo nadhani wazee wetu wangelifurahia. Kuna jaribio maarufu alilolianzisha Walter Mischel huko Stanford, Marekani, miaka ya 1960: mtoto anawekewa kitu kitamu mezani, anaambiwa akivumilia mpaka mtu mzima arudi atapewa cha pili. Mjerumani Bettina Lamm na wenzake walilipeleka kwa watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso, wakulima wa Kameruni, wakatumia andazi la huko liitwalo puff-puff. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Kinso walisubiri mpaka mwisho, na watoto wa Ujerumani asilimia 28. Baadhi ya watoto wa Kinso walipitiwa na usingizi palepale kitini wakisubiri. Wamelelewa kumsikiliza mkubwa na kutolialia ovyo. Kwa hiyo mtu asije akakwambia kwamba kuvumilia ni jambo la Wazungu wenye elimu.

Ila jaribio linalokuhusu wewe zaidi ni la Celeste Kidd na wenzake, la mwaka 2013. Kabla ya kuwekewa kitamu, watoto waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea. Kundi moja walivipata kama walivyoahidiwa. La pili, mtu mzima alirudi mikono mitupu akaomba radhi, vimekosekana. Kilipokuja kitamu, waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani dakika 12. Waliodanganywa walisubiri dakika 3. Hawakuwa watoto wenye pupa. Walikuwa wamejifunza, ndani ya nusu saa, kwamba cha kesho hakina dhamana. Fikiria basi kijana aliyeanza ziwani akiwa mdogo, ambaye mgawo wake umewahi kukatwa bila maelezo, bei imeshuka amefika tu ufukweni, na wavu umeibiwa usiku. Kwake yeye, kukamata kilichopo leo kumewahi kuwa akili. Tabia hiyo haina ubaya wake mpaka siku inapokutana na mtu mwenye pikipiki ya wizi.

Mke wako akitaka mwende mkaombewe, nenda. Ukae naye mahali pamoja, umsikie anavyolieleza tatizo lako mbele ya mtu mwingine. Peke yake hilo lina faida. Ninalokukataza ni kutoa fedha ya kufukuza pepo, hasa siku ya mgawo. Utakuwa umenunua pikipiki ya pili.

Shemeji anastahili jibu makini, kwa sababu yapo magonjwa yanayokuja na sura hii. Kama tangu shule ya msingi, kabla ya miaka 12, ulikuwa mtoto asiyetulia, unayepoteza daftari kila wiki, unayejibu kabla swali halijaisha, na hali hiyo imekufuata nyumbani na kazini mpaka leo, hiyo inahitaji kupimwa. Kama huwa zinakuja siku, wiki nzima au zaidi, unalala kidogo sana bila kuchoka, maneno yanatoka mbio, mipango mikubwa inamiminika na fedha zinatoka kwa mashindano, halafu baadaye unaanguka kwenye huzuni, hiyo inahitaji kupimwa haraka zaidi. Tofautisha lakini: mvuvi anayekesha kwa kazi anachoka. Mwenye ugonjwa ninaousema hachoki. Kama ulibadilika baada ya ajali au kipigo cha kichwa, sema hivyo. Mzee anayetumia dawa za kutetemeka mwili, ugonjwa wa Parkinson, anaweza akaanza kamari uzeeni kwa sababu ya dawa zenyewe. Wewe haikuhusu ila yupo atakayesoma hapa. Na pombe. Hukuitaja. Serikali ilipiga marufuku viroba mwaka 2017 lakini hakuna mwalo uliokauka, kwa hiyo naiuliza: siku ya pikipiki ulikuwa umekunywa? Siku ya jaketi je? Ukijibu ndiyo kwa zote mbili, anza na hilo kabla ya mengine yote niliyoandika.

Kuna swali jingine, na naomba mkeo asome pia. Je, mkono wako umewahi kumfikia yeye au watoto? Kama umewahi, usiniambie ni pupa. Tajiri alikukera mbele ya watu na hukumpiga. Ulitupa jaketi chini. Maana yake breki unayo, na inashika ukiwa mbele ya mtu unayemwogopa au unayemhitaji. Anayempiga mke kisha akasema alipitiwa, anajua kuchagua wa kumpitia. Hilo lina ushauri wake na sheria yake, wala halitibiwi kwa mbinu za hapa chini.

Mbinu zenyewe ni chache, na zote zinafanyika ukiwa umetulia, si siku yenyewe. Siwezi kukwambia "fikiri kwanza". Siku ya mgawo kichwa cha kufikiria hakipo.

Kabla giza halijaanza, kaa na mkeo mkubaliane kiasi. Tuseme shilingi 50,000: chochote kinachozidi hapo hakinunuliwi mpaka umelala usiku mzima nchi kavu. Lala, ndiyo sharti lenyewe. Mwambie na unayevua naye sasa kwamba sehemu ya mgawo wako, kiasi mtakachopanga ninyi wawili, itumwe kwenye simu ya mkeo kabla wewe hujashika chako. Usione aibu. Vikundi vya kuweka na kukopa mnavyoviona hapo mtaani vinatumia sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na mtindo huo ulianza na akina mama wa Niger mwaka 1991. Hakuna anayesema akina mama wale ni wezi. Walijua tu kwamba fedha inayofunguka kwa mkono mmoja inafunguka upesi. Kama Igombe kuna kikundi chenye watu unaowaamini, ingia, na hisa zako zilipwe wiki ya mgawo.

Kwa hasira, tumia kitu ambacho Mjerumani Peter Gollwitzer alikieleza mwaka 1999 na kimejaribiwa mara nyingi tangu hapo. Nia ya jumla, "nitapunguza hasira", haina nguvu. Yenye nguvu ni ile inayotaja tukio na tendo: likitokea hili, nitafanya hili. Kwako ningeiweka hivi: "Akianza hesabu mbele ya watu, nitasema, tajiri, haya tuyamalize kesho asubuhi mimi na wewe, halafu nitaingia mtumbwini kukumba maji." Iseme kwa sauti nyumbani, mkeo akiigiza tajiri. Mtacheka, ni sawa. Kukumba maji nimekuchagulia kwa sababu kunahitaji mikono miwili na mgongo, na hakuna anayekuona kama umekimbia, unafanya kazi. Na anza daftari la mafuta. Tarehe, lita, bei, nani kanunua. Ugomvi mwingi wa mgawo unatokana na kila mtu kubeba hesabu yake kichwani.

Deni lako la zamani lidai, usiliache likuchome. Nenda na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili, mchana, umelala. Omba radhi kwanza kwa jaketi, usichanganye radhi hiyo na madai, kisha taja kiasi na siku mlizovua. Akikataa, viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo wenu, wamezoea mashauri ya namna hii kuliko mimi.

Umeuliza kama kunatibika. Kama ni mojawapo ya magonjwa niliyoyataja, matibabu yapo. Mengine ni dawa, mengine mazungumzo, mara nyingi vyote viwili, na hospitali ya Bugando hapo Mwanza kuna madaktari wa afya ya akili. Kama si ugonjwa, na kwa barua hii peke yake mizani yangu inaelemea huko, basi wepesi wa kuwaka utabaki nao. Utaendelea kusikia damu ikichemka tajiri anapokosea hesabu, na utaendelea kutamani kununua kitu siku ya mgawo. Tunachotarajia kibadilike ni kile mikono yako inachofanya katika dakika zile, na hilo huonekana baada ya magiza matatu manne, si wiki hii. Ukija kuonana nasi njoo na mkeo, kipindi cha mbalamwezi, na umwombe akuandikie tarehe za kila tukio analolikumbuka la mwaka mmoja uliopita, pamoja na yale ambayo wewe hukuyaandika.